Adhabu Husafiri Bure, Haki Hutozwa Nauli



Tumeombwa mara nyingi tueleze habari za mapatano ya leseni ambayo majimbo ya Marekani yamefanya baina yao kwa ajili ya madaktari, wauguzi na watu wengine wa kazi ya tiba. Wanaotuomba hawaulizi kwa kupitisha wakati. Wengi wetu tuna watoto, au ndugu, au wake walioajiriwa katika hospitali za nchi ile, na karo ya mjukuu fulani, au mabati ya nyumba ya mama fulani, hutoka katika mshahara wa mwuguzi aliye Texas. Leseni yake ikizuiwa huko, kabla ya mwisho wa mwezi njaa yake imekwisha fika huku. Kwa hiyo tumeyasoma maandiko ya mapatano hayo kifungu kwa kifungu, kama karani asomavyo waraka wa mishahara, yaani kwa kulitafuta lile neno lililowekwa katikati ili lisionekane.

Neno hilo tumeliona, na heri tulitaje mapema. Ada zimebaki mbalimbali, kila jimbo na yake. Adhabu zimefanywa shirika. Daktari alipapo, majimbo ni mengi; ahukumiwapo, majimbo huwa moja. Twadai ya kwamba mapatano ya namna hiyo yamepinda, nasi tutaonyesha mahali yalipopindia.

Yapasa kwanza ifahamike kwamba katika Marekani serikali kuu haimpi daktari leseni ya kutibu watu. Majimbo ni 50, na kila moja lina sheria yake ya uganga na Baraza lake la kuisimamia. Daktari aliyeruhusiwa Colorado, akivuka mpaka na kuingia Wyoming, huwa kama raia mwingine tu, hana ruhusa hata ya kumwandikia mtu dawa ya kikohozi, mpaka Wyoming nayo impe leseni. Zamani alipeleka vyeti vile vile, alama za vidole zile zile na barua za chuo kile kile kwa kila Baraza, akangoja miezi. Sisi tuliozoea kujaza fomu kwa nakala tatu hatuna haja ya kuelezwa zaidi.

Ili kuupunguza usumbufu huo yalifanywa mapatano. Ya wauguzi ndiyo ya zamani. Yalianza kazi mwaka 2000, yakaandikwa upya, na hayo mapya yakaanza Januari 2018. Ya madaktari yalianza kutoa leseni mwaka 2017. Majimbo zaidi ya 40 yameingia katika haya, na vivyo hivyo katika yale. Watu wengi hudhani kwamba mapatano haya mawili ni kitu kimoja chenye majina mawili. Sivyo, na tofauti yao ndiyo itakayotupa hoja yetu.

Tuanze na fedha. Daktari atakaye kupita njia ya mapatano hutoa kwanza dola 700. Katika hizo, dola 300 huenda kwa jimbo la leseni yake kuu, ambalo humchunguza na kumpa barua ya kustahili, na dola 400 hubaki na Halmashauri ya Mapatano. Akionekana hakustahili, fedha hazirudi. Na masharti ya kustahili si mepesi: awe amefaulu kila sehemu ya mtihani wa taifa kwa majaribio yasiyozidi matatu, awe na cheti cha ubingwa, asiwe amepata kuadhibiwa na Baraza lolote, asiwe na hatia ya jinai, wala asiwe anachunguzwa wakati ule. Haya, amestahili. Je, barua ile ndiyo leseni? La. Barua ni ruhusa ya kwenda kulipa. Kila jimbo analolichagua humtoza ada yake yote kama vile asingalipita njia ya mapatano hata kidogo. Majimbo mengine hutoza chini ya dola 100, na mengine hupita 700. Akichagua majimbo matano, ada ni tano. Zikifika tarehe za kuhuisha, ni tano tena, na juu yake ushuru wa Halmashauri kwa kila leseni.

Hatusemi kwamba hapati kitu. Hupata wepesi wa muda, na kwa daktari wa mpakani, au yule atibuye kwa simu watu wa mashamba yaliyo mbali na mji, muda ni mali. Wala hatutamlilia daktari mwenye kipato kikubwa ambaye kampuni yake humlipia kila ada. Huyo ana wa kumlilia. Lakini jambo lililotangazwa kuwa mlango mmoja limekuwa ni ukumbi mmoja wenye milango mingi, na kila mlango una bawabu wake aliyenyoosha mkono, na ukumbi wenyewe nao una kiingilio.

Kwamba haikuwa lazima iwe hivyo, wauguzi ni mashahidi. Mwuguzi mwenye makazi yake katika jimbo lililomo katika mapatano yao, akiisha kutimiza masharti, hupewa leseni moja na jimbo lake, hulipa ada ya jimbo lake, kisha huweza kufanya kazi katika kila jimbo lililo ndani ya mapatano bila kununua leseni ya pili. Aliye Texas huenda akahudumu Oklahoma wiki ijayo, na Oklahoma haimdai hata senti moja ya leseni. Hazina za majimbo hayo hazikufilisika kwa sababu hiyo. Basi tukisikia ikisemwa ya kwamba ada ya kila jimbo ni ya lazima kwa kuwa kila Baraza lina gharama zake, twauliza kwa nini gharama hizo huweza kuvumilika kwa mwuguzi, zikashindikana kwa daktari.

Hata hivyo mwuguzi asilale usingizi. Leseni yake imefungwa na makazi yake. Akihamisha makazi yake ya kudumu kutoka jimbo moja la mapatano kwenda jingine, kanuni iliyoanza tarehe 2 Januari 2024 yamtaka aombe leseni ya jimbo jipya katika muda wa siku 60. Na akihamia jimbo lisilo katika mapatano, leseni yake ya zamani haiwi tena ya majimbo mengi. Twawaomba wanachama wenye binti au wana huko wawaandikie jambo hili leo, maana aliyehama kwa kuolewa, au kwa kufuata nyumba ya bei nafuu, hakumbuki leseni mpaka mwajiri amwulize.

Sasa tuje kwenye adhabu, ambako ndiko hasa tulikotaka kufika.

Tuseme daktari ana leseni kuu Colorado, na kwa njia ya mapatano amepata pia leseni za Wyoming, Nebraska, Kansas, Utah na Idaho. Amelipa mara sita. Colorado ikimsimamisha, au ikimfutia leseni, basi leseni zote tano nyingine huwekwa katika hali ile ile papo hapo, bila Baraza lolote kati ya yale matano kuketi, kusoma faili, au kumwita mtu ajieleze. Hivyo ndivyo sheria ya mapatano inavyosema, na inasema waziwazi kwamba hakuna tendo jingine linalohitajiwa. Hapa hatuulizwi tena habari za gharama za kila Baraza. Karatasi moja yatosha kwa majimbo sita.

Baada ya mwaka, Colorado imechunguza, imeona kosa limekwisha rekebishwa, imemrudishia leseni yake. Je, zile tano nazo hurudi? Hazirudi. Kifungu kile kile, katika sentensi inayofuata, chasema kwamba leseni ya kila jimbo jingine itabaki katika kifungo mpaka Baraza la jimbo lile lenyewe litakapochukua hatua ya kuirudisha kwa sheria zake. Yaani daktari aliyeshushwa mara moja hupanda mara tano: maombi matano, mabaraza matano, na kama ana wakili, barua za wakili za majimbo matano. Tumekisoma kifungu hiki mara kadhaa tukidhani tumekosea. Kushuka ni kwa pamoja, kupanda ni kwa mmoja mmoja.

Na si jimbo la leseni kuu peke yake lenye nguvu hii. Idaho ikimsimamisha, leseni zake zote nyingine husimama mara hiyo kwa siku 90, ili kila Baraza lipate nafasi ya kuchunguza sababu. Uchunguzi wafuata kusimamishwa, hautangulii. Ni kweli kwamba Baraza laweza kumfungulia kabla ya siku hizo kwisha, lakini laweza pia kukaa kimya, na ukimya wa ofisi wanachama wetu wanaujua. Siku 90 ni mishahara mitatu. Zaidi ya hayo, Baraza jingine laruhusiwa kuuchukua uamuzi wa Idaho kuwa umekwisha thibitika katika sheria na katika mambo yenyewe, likatoa adhabu iyo hiyo au iliyo ndogo zaidi; au, likipenda, likafungua mashtaka yake peke yake.

Watetezi wa mapatano wana jibu, nalo si jibu la kupuuzwa. Husema kwamba zamani daktari aliyefukuzwa kwa kuua wagonjwa kwa uzembe alifunga mizigo yake, akavuka mpaka, akatundika kibao chake katika jimbo jingine, na watu wa huko hawakujua neno. Uovu huo ulikuwa wa kweli. Ndiyo maana Bunge la Marekani mwaka 1986 lilitunga sheria ya kuweka hazina ya kumbukumbu za madaktari walioadhibiwa, nayo ikaanza kazi mwaka 1990. Mgonjwa aliyelala kitandani hawezi kukagua vyeti vya aliyeshika kisu, na yeyote asemaye kwamba haki ya daktari yapita uhai wa mgonjwa, huyo hasemi kwa niaba yetu.

Lakini habari ni kitu kimoja na adhabu ni kitu kingine. Habari ya kusimamishwa kwa mtu Idaho na ifike Kansas siku ile ile. Hilo twaliunga mkono kwa mikono miwili. Kansas ikiona kwamba wagonjwa wake wamo hatarini, sheria za mabaraza zina njia ya kumsimamisha mtu kwa dharura, na iitumie, kwa kalamu yake na kwa jina lake, ikijua ni kwa nini. Tunachokikataa ni adhabu isiyo na mwandishi. Tena, si kila kusimamishwa kunatokana na kisu kilichokosea. Tangu mwaka 1996 sheria ya serikali kuu ya Marekani imeyataka majimbo yawe na njia za kuzuia leseni za kazi za mtu mwenye malimbikizo ya fedha za matunzo ya mtoto. Kumtunza mtoto ni wajibu, na anayeukwepa abanwe. Hata hivyo deni hilo halina sumu kwa mgonjwa wa Nebraska. Kifungu cha siku 90, kama kilivyoandikwa katika sheria yenyewe, hakibagui sababu.

Hapa yatufaa tukumbuke desturi ya kazi yetu. Karani akituhumiwa kwamba sanduku la fedha limepungua, huandikiwa barua yenye mashtaka, hupewa siku za kujibu, na wakati wa kungoja hukumu kanuni za utumishi humwachia angalau sehemu ya mshahara wake. Kanuni hizo hazikuanguka kutoka mbinguni. Waliotutangulia katika vyama vya watumishi Waafrika, tangu kile alichokianzisha Martin Kayamba katika Tanga mwaka 1922, walijifunza kwamba mtumishi asiyekuwa na chama hana mlango wa kupelekea malalamiko yake. Ndiyo maana tunapomwona mwenye shahada ya udaktari akisimamishwa katika majimbo matano ambayo hata hayajasoma jina lake, hatustahi kusema kwamba tarishi wa ofisi yetu ana kinga kubwa kuliko yake.

Na iko kinga moja katika mapatano haya ambayo imetupa mshangao kuliko yote. Sheria ya mapatano ya madaktari yaeleza itakuwaje kama jimbo lenyewe litavunja ahadi zake, pengine kwa kutotimiza kanuni au kutolipa linalodaiwa. Je, jimbo nalo husimamishwa papo hapo kwa siku 90, kisha lichunguzwe? Hasha. Jimbo huandikiwa taarifa ya kosa. Hupewa maelezo ya namna ya kulirekebisha. Hupewa mafunzo, na msaada wa wataalamu. Kulitoa katika mapatano hakuruhusiwi mpaka njia nyingine zote zimejaribiwa zikaisha, na hata baada ya hapo laweza kukata rufaa katika mahakama ya serikali kuu. Hivyo walioandika walijua vyema kabisa namna ya kumtendea mkosaji kwa utaratibu: taarifa, nafasi, msaada, na adhabu mwisho. Walijua, wakajiandikia wenyewe. Mkuki kwa nguruwe. Maofisa wa Halmashauri nao wamewekewa kinga ya kutoshtakiwa kwa makosa ya kazi yao, maadamu hawakuyafanya kwa kusudi au kwa uzembe wa kupindukia.

Turudi kwa wauguzi, maana katika adhabu pia mapatano yao yana uungwana zaidi. Jimbo la ugenini laweza kumzuia mwuguzi asifanye kazi ndani ya mipaka yake. Leseni yenyewe haigusi, kwa kuwa ni jimbo lake la nyumbani tu lenye mamlaka juu yake. Jimbo la nyumbani likimwadhibu, ruhusa yake katika majimbo mengine huzimwa kwa muda wote wa amri ile. Huo ni mpango ambao mtu aweza kuufuata kwa akili: aliyetoa ndiye azuiaye. Lakini limo doa. Jimbo, sheria zake zikiruhusu, laweza kumtoza mwuguzi aliyeadhibiwa gharama za kuchunguza na kuamua kesi yake. Mwuguzi aliyezuiwa kufanya kazi hana mshahara, na hati ya gharama humfikia wakati huo huo. Wataalamu wa tiba ya viungo nao wana mapatano yao, na kwao mambo ni makali zaidi: aliyeondolewa ruhusa katika jimbo moja la ugenini huikosa katika yote ya ugenini, mpaka muda wa kuondolewa umalizike, faini zote ziwe zimelipwa, na miaka miwili iwe imepita tangu siku ya adhabu. Maskini na tajiri wakikosa kosa moja, na adhabu yao ikiwa sawa, tajiri hulipa faini kesho. Maskini hungoja mpaka atakapopata fedha, naye hawezi kuzipata kwa kazi aliyozuiwa.

Huenda mwanachama akauliza kwa nini tutumie wino mwingi hivi kwa mambo ya Colorado na Kansas. Tumekwisha taja ndugu zetu walioko huko. Iko na sababu iliyo karibu zaidi. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, ina kifungu cha 11 kinachozitaka nchi zetu zitambuane vyeti vya elimu na vya kazi. Wahasibu na wasanifu wa majengo walikwisha tiliana sahihi mwaka 2011, wahandisi mwaka 2012. Kila penye kutambuana, swali la ada na swali la adhabu hufuata, na wajumbe wetu wakiketi kuandika vifungu hivyo kwa ajili ya madaktari na wauguzi, watatafuta mfano wa kunakili. Mfano ulio mkubwa na wenye majimbo mengi ni huu wa Marekani. Mwandishi aliyechoka hunakili na makosa.

Kwa hiyo twaiomba Kamati Kuu ya Chama iwaandikie wenzetu wa vyama vya madaktari na wauguzi wa nchi hizi, mapema kabla ya kalamu kushikwa, kwamba popote kusimamishwa kutakapoenea kwa mara moja, kurudishwa nako kuenee kwa mara moja. Kwamba asimamishwaye kwa sababu ya amri ya nchi nyingine asikilizwe kwanza, isipokuwa pale hatari ya mgonjwa imeandikwa na kutiwa sahihi na Baraza linalosimamisha. Kwamba ada ya kuomba irudishwe, hata kama ni nusu yake, kwa yule aliyekataliwa. Na kwamba gharama za kuchunguza asidaiwe mtu ambaye bado amezuiwa kazi. Kuhusu kiasi cha ada zenyewe, sisi twaona leseni moja kwa ada moja, kama ya wauguzi wa majimbo ya Marekani, ingetosha, lakini tunajua wako wanachama katika idara za hazina watakaotupinga kwa hesabu. Hesabu zao na ziletwe kwa Mhariri kabla ya toleo lijalo, nazo zitapigwa chapa zote.